Tuba Kuukuu Ina Thamani Gani? Mwongozo kwa Bendi za Matarumbeta za Dodoma na Uwanda wa Kati

Ni bendi chache za matarumbeta Dodoma, Singida au Tabora zinazoweza kununua tuba mpya. Tuba ya kiwango cha juu kutoka kiwanda cha Ulaya inazidi dola 8,000 za Marekani hata kabla ya usafiri na kodi. Kwa usharika wa kawaida hizo ni fedha za harambee za miaka. Ndiyo maana tuba nyingi tunazozisikia ibadani, kwenye harusi na kwenye maandamano ya sikukuu zimeshapigwa na vizazi kadhaa kabla ya kutufikia.

Tuba ya mtumba haina bei iliyobandikwa. Muuzaji husema ni ya Mjerumani, ina miaka mia, hazipatikani tena duniani, na mnunuzi hana pa kulinganishia. Matokeo yake ni hasara za namna mbili. Kuna bendi zinazotoa mamilioni kwa chombo kisichoweza kulia pamoja na kinanda cha kanisa. Na kuna wenye tuba nzuri sana wanaoipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ikapimwa kwa kilo kama bomba la maji.

Mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: uhaba peke yake hauipi tuba thamani. Pima kwanza kama inalia kwa sauti sahihi, halafu kama mwili wake unatengenezeka, halafu kama mwenye mali anajulikana. Uhaba uje mwisho. Ukiugeuza mpangilio huo, muuzaji ndiye atakayekupangia bei.

Zilifikaje huku

Tuba ni chombo cha juzijuzi kikilinganishwa na ngoma au zeze. Hataza yake ya kwanza ilitolewa Berlin mwaka 1835 kwa Wilhelm Wieprecht, kiongozi wa bendi za jeshi la Prussia, na fundi Johann Gottfried Moritz. Ndani ya miaka 60 vyombo vya shaba vya kupuliza vilikuwa vimefika pwani yetu, na watu wa Lamu na Mombasa walikuwa wameuchukua mtindo wa bendi za vyombo hivyo wakaugeuza kuwa ngoma yao wenyewe, beni.

Kwa uwanda wa kati njia zilikuwa tatu, na kila njia ilileta aina yake ya tuba.

Njia ya kwanza ni misheni. Wamoravian, ambao kwao tarumbeta na ibada vimekwenda pamoja tangu karne ya 18, walianza kazi Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1898 wakapokea kituo cha Urambo kutoka kwa misheni ya London. Walutheri walifuata njia zao mbalimbali hadi makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT mwaka 1963. Sharika rafiki za Ujerumani zimeendelea kuleta vyombo vilivyotumika, na ndiyo sababu tuba nyingi za kanisani ni za Kijerumani au Kicheki, zenye vali za kuzunguka.

Njia ya pili ni jeshi na polisi wa enzi za Mwingereza. Tuba za njia hii ni za London, zina pistoni za kubonyeza kwenda chini, na mara nyingine zimechongwa jina la kikosi.

Njia ya tatu ni biashara ya sasa: vyombo kutoka India na China, ambavyo baada ya miaka michache ya harusi huingia navyo sokoni kama mitumba.

Itambue kabla hujaitajia bei

Anza na ufunguo wake. Pakua kwenye simu programu ya kupimia sauti, puliza bila kubonyeza chochote, uangalie noti mbili zinazotoka kwa urahisi zaidi. Tuba ya B♭ hutoa B♭ na F. Ya E♭ hutoa E♭ na B♭. Ya F hutoa F na C, na ya C hutoa C na G. Programu nyingine huandika A# badala ya B♭, au D# badala ya E♭; ni noti ileile. Kwa ukubwa, bomba la tuba ya B♭ likinyooshwa hufika karibu mita 5.5, na la E♭ karibu mita 4.

Ufunguo unagusa bei kwa sababu unagusa wapigaji. Bendi za kanisa zenye asili ya Kijerumani husoma noti kama zinavyosikika, utaratibu ulioenezwa na Johannes Kuhlo (1856–1941) wa Bethel, taasisi ileile ambayo misheni yake ilifanya kazi Usambara. Bendi za Kiingereza huandikiwa tofauti: mpigaji wa tuba husoma noti za juu zilizohamishwa. Kwa anayesoma kwa utaratibu wa Kijerumani, mpigaji aliyezoea B♭ akipewa tuba ya F atalazimika kujifunza upya vidole vyote. Kwa hiyo tuba bora ya F inaweza isiwe na faida kwa bendi yako hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kisha hesabu pistoni au vali. Tatu zinatosha kwa nyimbo nyingi za ibada. Ya nne hufungua noti za chini kabisa. Kwenye tuba za Kiingereza tazama nyuma ya pistoni. Ukiona vibomba vidogo vya ziada, huo ni mfumo wa kusahihisha sauti uliobuniwa na David James Blaikley mwaka 1874. Mfumo huo husawazisha noti za chini, ambazo kwenye tuba nyingine hupanda zaidi ya inavyotakiwa. Tuba yenye mfumo huu na pistoni nne ina thamani kubwa kuliko nduguye wa umri uleule asiye nao.

Soma maandishi ya kwenye shaba

Jina la kiwanda huchongwa kwenye mdomo mpana, namba huwa kwenye pistoni au karibu na vali. Piga picha vyote viwili. Mara nyingi jina la nchi litakuambia umri kwa uhakika kuliko muuzaji:

- "US Zone Germany": hasa kati ya 1945 na 1949.
- "West Germany" au "German Democratic Republic": kati ya 1949 na 1990.
- "Czechoslovakia": kati ya 1918 na mwisho wa 1992.

Basi tuba iliyoandikwa "German Democratic Republic" haiwezi kuwa ya miaka mia, wala haikuja na Wajerumani waliojenga reli iliyofika Dodoma mwaka 1910. Hiyo haiondoi ubora wake. Viwanda vya Vogtland, Ujerumani Mashariki, vilitoa tuba ngumu na zenye sauti nzuri. Kinachoanguka ni hadithi ya muuzaji, na bei iliyojengwa juu ya hadithi hiyo nayo ianguke.

Kwa tuba za London, Boosey na Hawkes waliungana mwaka 1930, na mwaka 1948 wakainunua Besson. Chombo kilichochongwa "Besson & Co., 198 Euston Road" kwa kawaida ni cha kabla ya ununuzi huo. Jumba la makumbusho la Horniman, London, linahifadhi kumbukumbu na vyombo vya Boosey & Hawkes, kwa hiyo mtu mwenye namba ana pa kuanzia kutafuta mwaka. Ukikuta neno "Prototype" kwenye Besson, usikubali kuambiwa ni chombo cha majaribio kilichotengenezwa kimoja tu. Lilikuwa neno la biashara la kiwanda, na limechongwa kwenye vyombo vingi mno.

Sauti: kipimo kinachoamua

Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, hasa kwa tuba kongwe za Kiingereza. Bendi za raia za Uingereza zilishikilia kipimo cha juu cha sauti, takriban hezi 452 kwa noti ya A, hadi katikati ya miaka ya 1960. Kinanda chako cha umeme kimewekwa hezi 440. Tofauti hiyo ni karibu robo toni. Masikioni mwa waumini itasikika kama bendi na kinanda vinagombana, na hakuna mazoezi yatakayoiponya.

Ipime hivi. Fanya kazi hiyo asubuhi, kivulini, kwa sababu hewa yenye joto hupandisha sauti ya chombo chochote cha kupuliza, na tuba iliyoanikwa kwenye jua la Oktoba la Dodoma itakudanganya. Puliza dakika tano ili ichangamke. Sukuma bomba kuu la kurekebishia sauti hadi ndani, pima. Kisha livute hadi karibu na mwisho wake, pima tena. Tuba nzuri itakuwa juu kidogo bomba likiwa ndani, na chini kidogo likiwa nje. Ikibaki juu hata bomba likiwa limevutwa karibu lote, una chombo cha kipimo cha juu.

Chombo kama hicho kinaweza kurekebishwa. Kuishusha tuba ya B♭ kwa robo toni kunahitaji kuongeza karibu sentimita 15 za bomba, na mabomba madogo ya pistoni nayo yarefushwe kwa uwiano huohuo. Ni kazi ya fundi wa kweli. Kama kazi hiyo haijafanyika, gharama yake yote itoke kwenye bei unayolipa.

Baada ya hapo apige mpigaji wenu mwenyewe, si wa muuzaji. Apige ngazi polepole kutoka juu hadi chini, kisha wimbo mmoja pamoja na kinanda. Asikilize kama kuna noti zinazokataa kutoka, au zinazotikisika mahali palepale kila mara. Noti moja mbaya ni tabia ya chombo na huzoeleka. Noti nyingi mbaya zinaashiria bomba linalovuja.

Mwili: nini kinatibika, nini hakitibiki

Kubonyea kunawatisha wanunuzi kuliko inavyostahili. Mdomo mpana uliobonyezwa kwenye buti la basi hauharibu sauti sana, na fundi huunyoosha. Hofia mbonyeo kwenye bomba jembamba linalotoka kwenye kipulizio, maana pale hata mbonyeo mdogo hubadilisha sauti. Hofia zaidi mbonyeo wowote kwenye nyumba ya pistoni.

Pistoni zilizolika ndizo gharama kubwa kuliko zote. Vumbi la kiangazi cha huku, kuanzia Mei hadi Novemba, likichanganyika na mafuta husaga shaba kama msasa. Jaribu hivi: pasipo kubonyeza, vuta bomba dogo la pistoni moja, subiri kidogo, kisha bonyeza pistoni hiyo. Ukisikia mlio mfupi wa hewa kupasuka, hewa ilikuwa imezuiliwa na pistoni ni nzima. Kimya maana yake inavuja. Rudia kwa kila moja. Vali za kuzunguka nazo hupimwa hivyohivyo. Pia zitikise kwa kidole, na kama zinacheza na kugonga, zimechakaa.

Tazama rangi. Shaba ya tarumbeta ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unyevu na mate vikikaa ndani miaka mingi hula zinki, na nje hutokea madoa ya waridi yenye kitundu kidogo katikati. Hayo yameanzia ndani, wala hayaondoki kwa kung'arisha. Yakiwa kwenye bomba la kipulizio, bomba hilo linabadilishwa. Yakitapakaa mwili mzima, achana na chombo hicho.

Tazama pia viraka. Fundi rejeta anajua kulehemu shaba kwa risasi, na kwa kiungo kilichoachia anaweza kuisaidia bendi vizuri. Lakini asipeleke moto karibu na pistoni au vali, kwani joto hupinda nyumba yake na chombo hakitapumua tena. Ukikuta alama za gesi eneo hilo, shusha bei sana au ondoka.

Vitu vidogo visikutishe. Uzi uliokatika kwenye vali za kuzunguka hubadilishwa kwa uzi imara wa kuvulia samaki. Mpira wa kitundu cha kutolea mate unaweza kukatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Springi na vitambaa vya pistoni huagizwa kwa bei nafuu kama kiwanda bado kipo au kama sehemu zake zinaingiliana na za kiwanda kingine. Hakikisha kipulizio kinaingia sawasawa, kwa sababu shingo zake zina vipimo tofauti. Kinachochezacheza huharibu sauti ya chombo kizima.

Lulu halisi na lulu za maneno

Sasa ndipo uulize kuhusu uhaba. Mfano bora duniani ni tuba mbili za C zilizotengenezwa na kampuni ya York, mjini Grand Rapids, Michigan, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mojawapo ilipigwa kwa miaka mingi na Arnold Jacobs, aliyekuwa mpigaji tuba wa okestra ya Chicago kuanzia 1944 hadi 1988. Sauti yake iliwavutia wapigaji kiasi kwamba Yamaha na viwanda vingine vikatengeneza tuba kwa kuiiga. Zingekuwa mbili tu lakini zenye sauti mbaya, leo hakuna ambaye angezitafuta. Wapigaji walizipenda kwanza, ndipo uchache wa tuba hizo ukapandisha bei.

Huku kwetu, majina yanayostahili kuchunguzwa kabla ya kuuza au kununua ni Besson na Boosey zenye pistoni nne na mfumo wa Blaikley. Červený ya Hradec Králové, iliyoanza mwaka 1842. Alexander ya Mainz, ya tangu 1782. Miraphone ya Waldkraiburg, iliyoanzishwa mwaka 1946 na mafundi waliohamishwa kutoka Graslitz. Na tuba za Marekani za York, Conn na Holton. Jina lolote kati ya haya ni sababu ya kupima kwa makini. Halitoi bei.

Tuba za Meerut, mji wa India unaotengeneza kwa wingi vyombo vya bendi za harusi, mpya huuzwa kwa dola mia chache tu. Zinatofautiana sana, hata zikitoka karakana moja. Ipo inayofaa kabisa kwa matarumbeta ya harusi juu ya pikapu, ila umri hauiongezei thamani. Usiilipie kama kitu adimu.

Hesabu ya bei

Usianzie kwenye bei aliyotaja muuzaji. Tafuta tuba ya aina hiyohiyo imeuzwa kiasi gani Ulaya au Marekani. Angalia iliyouzwa, si iliyotangazwa, maana kila mtu anaweza kutangaza atakalo. Hapo utoe gharama zote za kuifanya ipige vizuri.

Huu ni mfano wa hesabu tu. Tuseme tuba kama hiyo ikiwa nzima ina thamani ya shilingi milioni 4. Hii iliyo mbele yako inahitaji kazi ya pistoni ya shilingi 900,000, bomba la kipulizio 300,000, kipulizio 150,000 na sanduku 250,000. Jumla ni shilingi 1,600,000. Bei ya haki haizidi 2,400,000, na mnunuzi makini hushuka tena kidogo, kwa sababu fundi akifungua chombo hukuta mengine.

Ukiagiza nje, ongeza usafiri, bima, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Mwombe wakala wa forodha makadirio ya maandishi kabla ya kutuma fedha, hata kama chombo ni zawadi ya usharika rafiki. Zawadi iliyokwama bandarini hugeuka deni.

Na ukiona muuzaji anakuharakisha, anakataa chombo kisipimwe, au anasema mwingine yuko njiani na fedha, kumbuka wahenga: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ni ya nani?

Tuba haijifichi. Iliyochongwa jina la kikosi, au alama ya mshale mpana ya serikali ya Uingereza, iliwahi kuwa mali ya umma. Iliyokuja kwa uhusiano wa sharika ni mali ya kanisa, hata kama imekaa nyumbani kwa mzee mmoja miaka ishirini. Kwa ya serikali, dai hati ya mnada au ya kuondolewa kwenye mali za umma. Kwa ya kanisa, dai muhtasari wa kikao kilichoamua kuuza na barua ya wenye mamlaka ya usharika au dayosisi.

Andikeni mkataba wa mauziano wenye jina la kiwanda, namba ya chombo, picha, majina na sahihi za pande zote na mashahidi. Asiyeweza kueleza alikoipata asipewe hata nusu ya bei. Chombo cha wizi hakina bei ya haki, na kukinunua ni kuinyang'anya bendi nyingine sauti yake.

Kama wewe ndiye mwenye tuba

Bei ya vyuma chakavu ni kwa kilo, na tuba nyingi zina kilo 7 hadi 12 tu. Hicho ndicho kiwango cha chini kabisa unachoweza kupata, kwa hiyo usianzie hapo. Hata tuba isiyolia ina pistoni, mabomba na kipulizio vinavyoweza kufufua tuba nyingine.

Usiing'arishe kwa mashine kabla ya kuiuza. Mashine hula shaba, hufuta maandishi na huondoa fedha iliyopakwa juu, na mnunuzi anayejua huona mara moja. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, ikaushe, tia pistoni mafuta yake mepesi. Mafuta ya kupikia huganda na kukwamisha, yaachwe jikoni.

Orodha ya kubeba siku ya kununua

1. Simu yenye programu ya kupimia sauti, na mpigaji wenu.
2. Ufunguo: B♭, E♭, F au C? Unaifaa bendi?
3. Picha za jina, nchi na namba.
4. Sauti ikipimwa asubuhi, bomba kuu likiwa ndani na likiwa nje.
5. Mlio wa hewa kwa kila pistoni.
6. Madoa ya waridi, viraka, alama za moto.
7. Hati za umiliki.
8. Hesabu ya marekebisho, iliyoandikwa, kabla ya kutaja bei.

Jambo la mwisho linaweza kuanza wiki hii bila fedha yoyote. Kila bendi ifungue daftari la vyombo vyake: kiwanda, namba, kilipotoka, mwaka kilipofika, nani alikitengeneza na lini. Sharika za Dodoma, Singida na Tabora zikiwa na madaftari hayo, mwalimu wa matarumbeta atajua tuba ya jirani iliuzwa kiasi gani na ilitibiwa vipi. Aliyeiba atakosa pa kuuzia. Na tuba yenye historia iliyoandikwa itauzwa kwa bei nzuri kuliko pacha wake asiye na karatasi, kwa sababu mnunuzi hatalazimika kulipia maneno matupu.